Bwana Vitali Anaangalia Wapi

"Chuma hakipati homa."

Ndiyo maneno aliyojisemea Generose asubuhi ile, medali ya mama mkwe wake mkononi na ufagio kwenye kwapa. Alikuwa ameiinua tu apanguse vumbi kwenye kabati, akaikuta ina joto. Joto la jua halikuwa, maana dirisha la upande ule linatazama ukuta wa jirani na jua halijawahi kuingia pale tangu nyumba ijengwe. Lilikuwa joto la kiganja, kama vile mtu aliishika sasa hivi, akasikia nyayo zake, akaiweka chini haraka.

Na ilikuwa imegeuka. Jana yake aliiegemeza kwenye picha ya marehemu mkwe wake, ule uso wa mzungu uliochongwa juu yake ukitazama mlango. Leo uso ulikuwa unatazama pembe ya jiko, pale inapokaa mbabula, jiko la makaa, na mfuko wake wa makala. Generose aliirudisha, akamaliza kufagia. Katika nyumba yenye mimba mtu hasemi kila kitu anachoona.

Mimba ilikuwa ya Bénédicte, binti yao mkubwa, aliyerudi kwa wazazi wake hapo Rugenge, Uvira, ili azalie mkononi mwa mama yake. Mbili za kwanza ziliondoka hata hazijaanza kucheza tumboni. Hii ilikuwa imefika mwezi wake, na Generose alikuwa anailinda kama mtu anayebeba yai juu ya pikipiki.

Medali yenyewe iliingia humo kwa njia ya kifo. Koko Spès, yaani bibi Spès, mkunga wa zamani na mama mzazi wa Thaddée mume wa Generose, alifia hapo hapo Rugenge. Watu walilala kilio uani, moto ukawaka usiku na mchana kama inavyotakiwa, mpaka siku ya kuondoa kilio. Vitu vya marehemu vilipogawanywa, wengine waligombania vitenge na sufuria. Thaddée alitaka kisanduku kimoja kidogo chenye kitambaa cha buluu, na ndani medali.

Wazee wa Runingu, kule kwenye uwanda wa Ruzizi, wote wanaijua medali ile. Upande mmoja ni uso wa Bwana Vitali, Myahudi aliyekuwa na kiwanda cha pamba, masikio makubwa, macho ya mtu anayesikiliza. Upande wa pili ni pamba imepasuka juu ya mti wake na mwanamke amebeba mtoto, na maandishi yanazunguka pembeni, mengine ya Kifaransa, mengine ya kwao ambayo hakuna anayeyasoma. Wanawake walikuwa wanazalia kati ya mistari ya pamba, kitambaa kimoja chini na kingine mdomoni. Yule mzee akajenga maternite, nyumba ya kuzalia, ya matofali, na yeye mwenyewe bado analala kwenye nyumba ya mabati. Wakunga walimwuliza juu ya nini anahangaika na matumbo ya wanawake wasio wa kwao. Koko Spès alikuwa anaiga jibu lake mpaka uzeeni, na sauti yake ya puani:

"Mama yangu alikufa siku minye nazaliwa, kule kisiwani kwetu. Halafu vita ya wazungu ikakuja, wakachukua watu wetu wote wa kile kisiwa, hakurudi muntu. Sasa mutoto akilia hapa, minye nasikia kama banaitika kule."

Bwana Vitali alipokufa, watoto wake walifanyisha medali kwa heshima yake, na kila mkunga akapewa. Wengine waliuza, wengine walipotezewa na watoto. Koko Spès aliipa kazi. Unajua kitovu cha mtoto kikishaanguka, watu wanaweka sarafu juu yake na kufunga kitambaa ili kisitokeze. Yeye aliweka Bwana Vitali. Nusu ya watu wa uwanda ule, ukifunua mashati yao, vitovu vyao vililazwa na uso wa yule mzee.

Basi Generose aliirudisha itazame mlango. Kesho yake ikawa inatazama jiko tena. Na joto lile lile.

"Baba Béné, njo weye unageuza medali?"

"Medali gani?" Thaddée alikuwa anatafuta kiatu chake.

"Ya mama yako."

"Minye naamka, nakunywa chai, naenda kazi. Nitageuza saa ngapi? Sema tu hauitaki humu ndani. Hata mama alipokuwa muzima hukuwa unapenda kitu yake."

"Mama yako nilimwosha na hii mikono, Thaddée. Usinianze asubuhi."

Waliachana hivyo, kila mmoja akimchunguza mwenzake kwa pembe ya jicho. Jioni Generose alichukua unga wa muhogo, akaunyunyiza juu ya kabati, kuizunguka medali, laini kabisa, asiseme kwa mtu. Kama ni mkono wa Thaddée, au wa Bénédicte, utaacha alama. Asubuhi unga ulikuwa umelala vile vile. Hapakuwa na kidole. Palikuwa na mstari mmoja tu mwembamba, wa kupinda, pale ukingo wa medali ulipojiburuta wenyewe kutoka upande wa mlango kwenda upande wa jiko.

Hapo ndipo alipoanza kunusa. Harufu ilikuwa ya majivu yaliyomwagiwa maji, na chini yake tope, tope la mto lililokaa siku nyingi. Ilikuwa inatokea pembe ya jiko. Akakuta sakafu imelowa karibu na mbabula, mviringo wa kiasi cha mtu akikaa. Akapangusa. Aliporudi na maharagwe, pamelowa tena. Akatazama bati juu, halina tundu. Akatazama mtungi, haujapasuka. Na katikati ya mchana, radio ikiwa imezimwa na Bénédicte amesinzia, alisikia karibu na moto sauti ndogo ya haraka, ka-ka-ka-ka, kama meno ya mtu anayetetemeka.

Mbabula peke yake ndiyo haikumtia mashaka. Ilikuwa imekuwa njema siku hizi. Tangu wakati wa kilio haikumwomba kiberiti hata mara moja. Kila asubuhi akichokoa majivu alikuta jicho jekundu chini, linamngojea, akaongeza makala na maisha yakaendelea. Aliisifu hata mbele ya majirani.

Mwishowe alimwita Mama Blandine, wa nyumba ya tatu, anayeongoza chumba cha maombi, kikundi cha kusali cha mtaa. Mama Blandine aliinamia medali, mikono nyuma, kama mtu anayetazama nyoka aliye ndani ya chupa.

"Huyu njo nani?"

"Bwana Vitali wa pamba."

"Si banasema alikuwa Myahudi?"

"Alikuwa."

"Na haya maandishi?"

"Ya kwao."

Mama Blandine alishusha sauti mpaka ikawa pumzi tupu. "Mama Béné, maandishi hauwezi kusoma, hauwezi kujua inaita nani. Humu ndani ya hiki chuma kuko jini. Mchana anatoka, anaenda kuota moto yako. Na binti yako iko na tumbo. Weye unamuwekea jini juu ya kabati, karibu na picha?"

Thaddée alikuwa mlangoni ananyoa ndevu, povu shavuni.

"Mama Blandine, na Yesu alikuwa Mufuliiru wa hapa kwetu?"

"Usichezee mambo ya roho, baba."

"Sichezi, nauliza. Kila siku weye unaimba Daudi, unaimba Sayuni, sisi tunakosa kulala. Myahudi mumoja akitujengea maternite, huyo njo anakuwa jini?"

Bénédicte alicheka, ameshika tumbo kwa mikono miwili. Mama Blandine hakucheka. Generose angecheka, alikuwa ameshafungua mdomo, lakini nyuma yake, jikoni, mtu alivuta pumzi kwenye meno, sss, kama anayeingia ziwani alfajiri. Jikoni hapakuwa na mtu.

Alingoja mume wake aende. Akaifunga medali kwenye kitambaa, akashuka ziwani. Unajua jinsi ziwa limepanda miaka hii. Pale palipokuwa na nyumba za watu sasa kuna kuta zimesimama majini mpaka madirishani, na ndege wanakaa juu yake. Generose aliingia mpaka magotini, akaitupa katikati ya kuta mbili. Haikufanya sauti yoyote. Akanawa mikono, akarudi haraka bila kumsalimia mtu, na njiani alijiambia kwamba akiulizwa atasema Mama Blandine ndiye aliyetaka.

Alipofika nyumba ilikuwa kimya, akaona kama imepumua. Bénédicte alikuwa amekaa kwenye kiti kifupi karibu na mbabula, sinia la mchele juu ya mapaja. Hakuwa anachambua. Midomo yake ilikuwa ya rangi ya majivu.

"Maman," alisema polepole, bila kugeuza kichwa, "funga mulango."

"Mulango gani? Jua yote hii!"

"Kuko muntu alikuwa amekaa upande ile ingine ya moto. Nilifikiri njo weye. Sasa amesogea."

Generose alitaka kusema hakuna mtu, mwanangu, ni mimba, ni joto, lakini alikuwa anaona, mchana kweupe, jua likiwa limejaa uani na kuku wa jirani wakiparua, jinsi maji yanavyotokea yenyewe juu ya sakafu kutoka mbabula kuja kwenye kiti, alama baada ya alama, kama magoti ya mtu anayejivuta kwa sababu miguu yake haiwezi tena, na harufu ya tope ikapanda mpaka macho yakamtoka machozi, na kitenge cha Bénédicte, kile cha njano kilichokuwa kimekauka kabisa, kikaanza kulowa juu ya tumbo, kwanza kidole, kisha vidole, kisha kiganja kizima kilichofunguka na kulala pale taratibu kama mtu anayejaribu kama kitanda ni laini, na mle ndani ya makala, chini kabisa, sauti ikasema kwa meno yanayogongana, bila hasira, kama mtu anayeomba tu nafasi kwenye mkeka:

"Baridi. Ndani ya huyu kuko moto. Nisogee?"

Generose hakumbuki alivyomtoa binti yake. Majirani ndio waliosema walimwona amemkumbatia kifuani, mchele umemwagika mpaka barabarani, na mwenyewe anapiga kelele, "Hapana! Kumejaa! Kumejaa!"

Thaddée aliporudi alisikiliza yote akiwa amesimama. Halafu akatazama kabati.

"Medali iko wapi?"

Mama Blandine, aliyekuja na maombi yake, alitazama chini.

"Sawa," akasema Thaddée, "mutaniambia baadaye." Akachukua pikipiki, akaenda Runingu kumleta Arakaza, mkunga aliyefanya kazi na mama yake, wa mwisho aliyebaki.

Arakaza alishuka kwenye pikipiki akiitukana barabara. Alikuwa mwanamke mdogo, mkavu, na mikono mikubwa kama isiyo yake. Akamshika Bénédicte tumbo, akasikiliza, akasema, "Mutoto iko, anacheza." Akakaa kwenye mkeka. Generose akamletea chai, kama mgeni anavyopokewa. Arakaza akaileta puani, akasimamisha mkono.

"Chai hii imechemkia wapi?"

"Kwa mbabula, maman."

"Na moto ya mbabula ilitoka wapi?"

"Kwa mbabula... haijazimika siku hizi."

"Moto yote iko na mama yake, mwana wangu. Nakuuliza ilitoka wapi."

Generose alimtazama mume wake, akamtazama binti yake. Na hapo akakumbuka kitu ambacho hakikuwa hata kimemkaa moyoni. Siku ya kilio mvua ilianguka mchana. Uani watu walijikunyata chini ya bashe la turubai, moto wa kilio unalindwa na bati. Wajomba walikuwa wamefika kutoka Rurambo, kule mlimani, wameloana, wanataka chai, na kiberiti kimelowa chote. Akachota makaa mawili matatu pale pale kwenye moto wa kilio, akayatia kwenye mbabula, akaiingiza ndani.

"Nilijua kinachokatazwa ni kupikia tu," alisema, sauti ndogo. "Chai si chakula."

Thaddée alishika kichwa. Arakaza hakumgombeza. Aliiweka chai chini, mbali kidogo.

"Kwa moto ya kilio hawaoti wafiwa peke yao. Kuko wale hawakuliliwa. Muto Mulongwe ilipokuja na mawe ilibeba wangapi? Hawakuonekana, hawakuzikwa, hakuna aliyewawashia. Sasa kilio ya mwingine ikiwaka, wanakuja, wanakaa nyuma ya mugongo ya batu, wanaota kidogo. Ukiacha moto izimike pale pale, wanaondoka. Ukiingiza ndani, umewaambia karibu. Mutamwita jini, mutamwita muzimu, jina muchague ninyi. Mimi najua tu kama iko na baridi, na tumbo ya huyu njo fasi ya moto kuliko zote humu ndani."

"Na medali?" aliuliza Mama Blandine. "Si ile njo ilikuwa inapata moto?"

Arakaza alimgeukia. "Spès kabla ya kuiweka kwa kitovu alikuwa anaishika kwanza kwa kiganja mpaka ipate joto, mutoto asishituke. Miaka yote nilimuona. Nani mwingine angeipasha? Kila siku anawageuzia ule uso: angalieni kule, kule. Mulikuwa na shahidi ndani ya nyumba. Iko wapi?"

Generose alikuwa ameshasimama.

Aliingia ziwani na nguo zake, katikati ya zile kuta mbili, akapapasa tope kwa nyayo. Maji yalikuwa baridi ya kuuma mifupa. Akaenda, akarudi, akalia, akamwita mama mkwe wake kwa jina, jambo ambalo hakuwahi kulifanya alipokuwa hai. Kisha mguu wake wa kushoto ukakanyaga sehemu ndogo iliyokuwa na uvuguvugu.

Alasiri ile ile walitoa mbabula nje kwa mlango wa nyuma, Generose akitembea kinyumenyume, moto haujamwagika, mpaka pale pale palipowaka moto wa kilio. Arakaza akasema, "Sasa mulie." Wakatazamana. Kumlilia nani? Thaddée akakohoa, akaona haya. Generose ndiye aliyeanza, vibaya, kama mtu anayeiga. "Weye hatujui jina yako... weye mama yako alikungoja na sahani yako..." Na hapo sauti ikamkatika na ikaja ya kweli. Majirani walisikia, wakafikiri Rugenge imefiwa tena, wakaja na mikeka. Aliyelia kupita wote alikuwa Mama Blandine. Alijitupa chini na kutaja jina la mtoto wa dada yake, aliyebebwa na Mulongwe usiku ule wa mafuriko, na ambaye kwao walikuwa wamekataa kumlilia wakisema labda atarudi.

Moto ulianza kufa. Arakaza aliutazama, akakunja uso. "Unazimika mbio," alisema. Hakuna aliyemjali, maana Bénédicte alikuwa ameita kutoka ndani. Chupa ya uzazi ilikuwa imepasuka, wakati ule ule jicho la mwisho la kaa lilipofumba.

Mkunga aliingia kwa Bénédicte. Wengine walizoa majivu wakayapeleka ziwani bila kutazama nyuma, kama walivyoagizwa. Jua halijazama, mtoto alikuwa amelia. Mvulana, kamili, vidole vyote. Thaddée alicheza uani kwa furaha, akamwita mjukuu Vitali mbele ya watu wote, na Mama Blandine akasema "Amina" bila kulazimishwa.

Jikoni pakawa pakavu. Harufu ikaisha. Mbabula ikaanza tena kudai kiberiti kila asubuhi, na Generose akawa anakipiga kwa furaha. Kitovu kilipoanguka waliweka medali juu yake, wakafunga kitambaa, na kilipolala vizuri wakairudisha kwenye kabati, ikiegemea picha ya Koko Spès, uso ukitazama mlango.

Asubuhi moja Generose alikwenda kupangusa vumbi. Medali ilikuwa na joto. Alijilazimisha kwanza kutazama pembe ya jiko, pakavu, kisha akafuata kwa macho mahali Bwana Vitali alipokuwa anatazama. Uso wa mzee, na macho yake ya kusikiliza, ulikuwa umegeukia kitanda alipolala mtoto.

"Anaangalia somo yake," alisema Thaddée, akicheka nyuma yake. "Huyu mzee alipenda watoto, si unajua?"

"Najua," alisema Generose.

Thaddée alipokwenda kazi, Generose alisogea kitandani. Jua lilikuwa limeshapanda, bati linalia kwa joto, na mtoto amefungwa kwenye blanketi mbili. Akapitisha mkono chini, akashika nyayo zake. Zilikuwa baridi kama samaki aliyetolewa ziwani sasa hivi. Mtoto akafungua macho, akamtazama, akavuta pumzi ndogo, sss.

Halafu kutoka kwenye ule mdomo wenye ufizi mtupu, Generose akasikia meno.